Nani aliwaleta? Maua ya mto Kongo, sambaza ya Kivu na mdudu wa muhogo



Leo naanza na swali dogo. Sambaza ya ziwa Kivu ina umri gani? Uliza mama yeyote anayeiuza soko la Kadutu ama soko la Virunga, atakujibu kwamba imekuwepo tangu mababu. Na wewe mwenyewe ungejibu vile vile, juu umeila tangu utoto, na wazazi wako pia waliila. Kumbe sivyo. Mzee aliyezaliwa Bukavu mwaka wa 1940 alimaliza utoto wake wote bila kuona hata sambaza moja iliyovuliwa Kivu. Samaki hiyo ililetwa. Tunajua ilitoka wapi, tunajua miaka, na tunajua hata jina la mtu aliyeileta.

Njo maana nimechagua historia hii. Tunapofundishwa historia ya Kongo, tunafundishwa juu ya wafalme, wakoloni, vita na marais. Lakini kuna historia nyingine, ya mimea, samaki na wadudu waliofika hapa bila mtu kuwauliza hati ya kusafiri, na ambao wamebadilisha sahani yetu, mto wetu na mfuko wetu kuliko wanasiasa wengi.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Wataalamu wanazungumza juu ya "viumbe vamizi". Maana yake ni hii: mmea, mnyama ama mdudu aliyetolewa makwao na mkono wa mtu, akapelekwa mahali ambapo asingeweza kufika mwenyewe, akazaana sana na kuleta hasara. Si kila kiumbe kigeni kinakuwa vamizi. Mahindi, muhogo, maharagwe na viazi vitamu vyote vilitoka Amerika, na hakuna anayevilalamikia. Ripoti kubwa ya kimataifa iliyotoka 2023 ilihesabu viumbe zaidi ya 37,000 vilivyopelekwa na watu kwenye sehemu zisizo zao duniani, na kati yao zaidi ya 3,500 ndivyo vinavyojulikana kuleta madhara. Wengine wanaishi kimya tu.

Tena, huku kwetu mashariki neno "mvamizi" ni neno zito, na neno "mgeni" limeshamwaga damu. Tusichanganye. Hapa tunasema juu ya majani na samaki. Mtu si jani. Na hata jani lenyewe halina nia mbaya, halikuamua kuja. Mtu ndiye aliyelibeba. Swali la historia ni juu ya mtu huyo: alibeba kwa nini, na nani alilipa baadaye?

1. Zawadi: maua mazuri ya zambarau

Ukisafiri kwa bwato kati ya Kinshasa na Kisangani, utaona visiwa vya kijani vinavyotembea juu ya maji, vina maua ya zambarau mazuri kweli. Ni gugu-maji. Watu wa mtoni wanaliita kwa Kilingala "Kongo ya sika", yaani Kongo mpya. Jina hilo linatuambia mara moja kwamba walioliita hivyo walijua kuwa ni kitu cha juzi.

Makwao ni bonde la Amazon, Amerika ya Kusini. Kule maji yana wadudu na magonjwa yanayolila na kulipunguza, kwa hiyo linakaa kwa kiasi. Lilitoka makwao kwa sababu moja tu: uzuri. Katika karne ya 19 matajiri wa Ulaya na Marekani walipenda kupamba mabwawa ya bustani zao kwa mimea ya nchi za joto. Inasimuliwa kwamba kwenye maonyesho makubwa ya New Orleans, yaliyofunguliwa 1884, wageni waligawiwa mmea huu kama kumbukumbu ya kupeleka nyumbani. Ulipozidi bwawani, watu waliutupa mtoni. Kufikia miaka ya 1890 mito ya Florida ilikuwa imeanza kuzibwa, meli zinakwama. Misri nayo ililipata mwishoni mwa karne hiyo hiyo, pia kwa ajili ya bustani.

Hapa kuna kisa ambacho wengi hawakijui. Mwaka wa 1910 mbunge mmoja wa Louisiana, Robert Broussard, alipeleka bungeni kwao mradi wa sheria wa kuomba dola 250,000 ili Marekani inunue wanyama wa Afrika, viboko wakiwa mbele. Mawazo yake: kiboko atakula gugu-maji, halafu Wamarekani watakula kiboko, na shida mbili zitaisha siku moja. Sheria haikupita. Sisi tunaomjua kiboko tunaweza kucheka. Lakini mtu huyo hakuwa kichaa; alifikiri kama wengi wanavyofikiri mpaka leo, kwamba ukikosea kwa kuleta kiumbe kimoja, dawa ni kuleta kingine haraka haraka.

Kongo ya wakati ule ilikuwa bado haijaguswa. Gugu-maji liligunduliwa kwenye mto wetu mwaka wa 1952. Miaka mitatu tu baadaye, kufikia 1955, lilikuwa limeenea kwenye kilomita karibu 1,600, kati ya Léopoldville na Stanleyville, yaani Kinshasa na Kisangani za leo.

Namna gani haraka hivyo? Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni mwili wake. Gugu-maji linaelea, kwa sababu mashina yake yamejaa hewa kama sponji. Halingoji mbegu ili lizaane: mmea mmoja unatoa vitawi pembeni, na kila kitawi kinakuwa mmea mpya. Penye joto na maji yenye mbolea, eneo lake linaweza kuongezeka mara mbili ndani ya wiki moja ama mbili. Mbegu nazo zinazama matopeni na zinaweza kungoja miaka mingi, hata kufikia 20, halafu ziote. Njo maana hata ukisafisha ghuba yote leo, hujamaliza kazi.

Sababu ya pili ni sisi. Kushuka mto, maji yanatosha kulibeba. Lakini kupanda mto, kuingia kwenye vijito na kwenye mito midogo, jani haliwezi peke yake. Linahitaji bwato, barji, mtumbwi, wavu ulioloana, mzigo uliofungwa kwa majani. Barabara kubwa ya Kongo ni mto, na wakati ule biashara ya mtoni ilikuwa inakua kila mwaka. Gugu lilisafiri kwa njia ile ile ya pamba, mawese na abiria.

Hasara ilionekana mara moja. Mashine za mabwato zilikwama. Mitumbwi haikuweza kutoka bandarini. Chini ya zulia lile la kijani mwanga hauingii, hewa inapungua ndani ya maji, samaki wanakimbia ama wanakufa. Pale maji yaliposimama, mbu walifurahi. Serikali ya kikoloni iliingia vitani kwa kemikali ya kuua majani, inayoitwa 2,4-D, ikimwagwa kutoka kwenye mashua na ndege. Kufikia 1957 kampeni ile ilikuwa imekula karibu dola milioni moja za wakati ule. Gugu halikuisha. Halafu 1960 ikafika, na katika vurugu za miaka ile nani angekuwa na akili ya kufuata majani mtoni?

Hata waandishi wa nje waliliona. V. S. Naipaul, kwenye riwaya yake ya 1979, A Bend in the River, iliyochukua sura ya mji wa kando ya mto unaofanana na Kisangani, aliweka gugu-maji linapita mchana na usiku kama kitu kipya ambacho watu hawakukizoea. Yeye alikitumia kama alama ya nyakati. Kwa wavuvi haikuwa alama. Ilikuwa wavu uliochanika.

2. Mradi: samaki wa Bwana Collart

Sasa turudi Kivu, na hapa hadithi inakuwa ngumu zaidi, kwa sababu haina mbaya aliye wazi.

Ziwa Kivu lilizaliwa na volkano. Zamani sana maji ya bonde hili yalikuwa yanaelekea kaskazini. Milima ya Virunga ikafunga njia, maji yakajaa, mwishowe yakatoboa upande wa kusini na kushuka kwa Ruzizi mpaka Tanganyika. Kivu liko kwenye urefu wa mita karibu 1,460 juu ya bahari, Tanganyika kwenye mita karibu 770. Kati yao Ruzizi inaporomoka kwa nguvu kwenye makorongo. Samaki wa Tanganyika hawezi kupanda ukuta ule. Matokeo yake: Tanganyika ina aina za samaki zaidi ya 200, Kivu haikufikisha hata 30.

Wataalamu wa Kibelgiji waliona kitu kingine. Samaki wa asili wa Kivu walikaa karibu na kando. Katikati ya ziwa, juu ya maji yale marefu, hakukuwa na samaki wa kula vijidudu vidogo vinavyoelea. Kwao hilo lilikuwa kama shamba lisilolimwa. Watu wa Kivu walikuwa wengi, nyama ilikuwa kidogo. Ndipo mhandisi Mbelgiji, Alphonse Collart, kati ya 1958 na 1960, akasafirisha watoto wa samaki kutoka Tanganyika na kuwamwaga Kivu. Idadi iliyoandikwa ni karibu 57,000. Walikuwa wa aina mbili za ndagala. Aina moja ilipotea. Nyingine, ambayo kwa jina la sayansi ni Limnothrissa miodon, ilibaki. Hiyo ndiyo sambaza.

Angalia tarehe vizuri. Mradi unamalizika mwaka wa uhuru. Wabelgiji wanaondoka, vita vinakuja, Mulele, mamluki, hakuna anayefuatilia. Samaki wale walisahauliwa kabisa. Karibu miaka 15 ilipita kabla ya watu kuona kwamba ziwa limejaa. Mwaka wa 1979 mradi wa Umoja wa Mataifa ukaanzishwa Gisenyi kufundisha uvuvi wa usiku, kwa taa zinazovuta samaki na nyavu zinazoinuliwa. Toka hapo tukapata zile mashua tatu zilizofungwa pamoja, ambazo mtu yeyote wa Bukavu ama Goma amezisikia zikiimba zinapotoka jioni. Familia ngapi zimesomesha watoto kwa sambaza? Ukweli usemwe: baadhi yetu tumelipiwa minervali na samaki ya Bwana Collart.

Basi hakukuwa na hasara? Ilikuwepo, lakini haionekani kwa macho. Mwaka wa 1935 mtafiti Hubert Damas alikuwa amepima maji na viumbe vya Kivu, na wengine walirudi kupima miaka ya 1950. Kwa sababu ya kazi yao tunaweza kulinganisha. Sambaza ilipozaana, ilikula vile vijidudu vya maji. Kimoja kikubwa kati yao, kinachoitwa Daphnia, ambacho ndicho kilikuwa kinakula mwani kwa wingi, kilitoweka. Miaka ya 1980 ilikadiriwa kwamba vijidudu hivyo kwa jumla vimebaki theluthi moja tu ya zamani. Maana yake ni kwamba ziwa tunaloliona leo haliko ziwa lile la babu zetu, hata kama maji yana rangi ile ile.

Wataalamu wamebishana sana juu ya hilo. Wengine waliogopa kwamba sambaza itamaliza chakula chake yenyewe na uvuvi utaanguka. Haikuanguka. Wengine wanasema faida ya watu ni kubwa kuliko kupotea kwa kijidudu. Mimi sitoi hukumu hapa. Nasema tu kwamba uamuzi wa kubadilisha ziwa lote ulichukuliwa na watu wachache ofisini, bila kuuliza mvuvi hata mmoja wa Idjwi ama Kalehe. Mara hii bahati ilikuwa upande wetu. Kwenye ziwa Victoria, miaka ile ile ya 1950 na mwanzo wa 1960, walimwaga sangara kwa mawazo yale yale ya kuongeza chakula. Sangara alileta viwanda na pesa za nje, lakini alichangia kumaliza aina nyingi sana za samaki wadogo ambao hawako mahali pengine duniani. Wazo lilikuwa lile lile, ziwa tofauti, matokeo tofauti.

Halafu ikaja sehemu ya pili ya hadithi. Mwaka wa 2006 samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys tanganicanus, alionekana Kivu. Safari hii hakukuwa na mhandisi wala ripoti. Watafiti wa Bukavu ndio walioandika habari zake, na makala yao ya 2010 ilibidi ijadili njia alizoweza kupitia. Samaki huyo naye anakula vijidudu vya maji, yaani anagombania sahani moja na sambaza. Wavuvi wa upande wa Rwanda walimpa jina "Rwanda rushya", Rwanda mpya. Unaona? Mto Kongo, "Kongo ya sika". Ziwa Kivu, "Rwanda rushya". Watu ambao hawakuwahi kukutana, lugha tofauti, zaidi ya miaka 50 kati yao, lakini wazo ni moja: kitu kipya kinapoingia majini, wanyonge wanakipa jina la utawala mpya. Labda kwa sababu vyote viwili vinafika hivyo hivyo, bila kubisha hodi.

3. Mzigo: mdudu mweupe wa muhogo

Njia ya tatu ni ya kujificha. Hakuna anayependa kiumbe hicho, hakuna aliyekitaka, kinaingia ndani ya kitu kingine.

Muhogo wenyewe ni mgeni wa zamani. Wareno waliutoa Brazil katika karne ya 16, ukaingia kwa mdomo wa mto Kongo, ukapanda polepole mpaka ndani. Leo bila fufu na sombe, Kongo ingelala njaa. Lakini wakati muhogo ulipovuka bahari, maadui zake wengi walibaki Amerika. Kwa miaka 400 ulikuwa unaishi huku kwa raha.

Mwaka wa 1973, karibu na Kinshasa na Brazzaville, wakulima waliona majani ya juu yanajikunja, yanasinyaa, yana unga mweupe. Ulikuwa mdudu mdogo anayefyonza maji ya mmea, ambaye sayansi ilikuwa bado haijampa jina. Alipewa jina 1977: Phenacoccus manihoti. Inaaminika aliingia na vijiti vya muhogo vilivyoletwa kutoka Amerika ya Kusini. Mtu mmoja, mzigo mmoja, pengine kwa nia njema ya kujaribu mbegu bora. Kwa kuwa mkulima wetu anapanda muhogo kwa vijiti, na jirani anampa jirani vijiti, mdudu alisafiri kwa urafiki wetu wenyewe, na kwa upepo. Ndani ya miaka michache alikuwa kwenye sehemu kubwa ya Afrika inayolima muhogo. Kuna mashamba yaliyopoteza hadi asilimia 80 ya mavuno. Na sombe je? Jani ndilo la kwanza kufa.

Hapa historia inatupa mfano mzuri. Badala ya kumwaga sumu kila mahali, watafiti wa kituo cha kilimo cha kimataifa cha Ibadan, Nigeria, wakiongozwa na Mswisi Hans Herren, waliuliza swali la mwanahistoria: mdudu huyu ametoka wapi, na kule nani anamla? Mwaka wa 1981 alipatikana Paraguay. Pamoja naye walipata nyigu mdogo sana, anayetaga mayai ndani ya mdudu yule. Lakini hawakumbeba moja kwa moja kumwaga Afrika. Walimpitisha kwanza karantini Uingereza, wakapima kama atagusa wadudu wengine. Ndipo alipoachiliwa Nigeria mwaka ule ule, halafu nchi nyingine nyingi, na Zaire yetu ikiwamo. Mdudu mweupe hakuisha kabisa, ila alipungua mpaka muhogo ukapumua. Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka wa 1995.

Njia hiyo ndiyo ilitumika pia kwa gugu-maji ziwa Victoria. Gugu lilionekana kule mwishoni mwa miaka ya 1980, likishuka na mto Kagera unaokusanya maji ya Rwanda na Burundi. Kufikia 1998 lilikuwa limefunika ghuba kubwa, bandari ya Kisumu imefungwa na majani. Kuanzia 1995 waliachilia wadudu wadogo wa makwao gugu, wanaotoboa mashina yake. Pamoja na mawimbi na mvua za El Niño, gugu lilipungua sana kufikia mwaka wa 2000, hata kama linarudi mara kwa mara. Linganisha na kiboko wa Bwana Broussard. Tofauti kati ya nyigu na kiboko haiko kwenye wazo la kuleta mnyama. Iko kwenye kazi iliyofanywa kabla: miaka ya kupima, kuuliza anakula nini kingine, na kukubali kungoja.

Tunajifunza nini?

Ukiweka visa hivi vitatu kando kando, unaona njia tatu za kuingia: zawadi, mradi, mzigo. Na unaona hatua zinazofanana. Kwanza kiumbe kinabebwa. Halafu wengi wanakufa. Ile aina ya pili ya Collart ilipotea bila mtu kuilia. Wanaobaki wanakaa kimya, mwaka, miaka kumi, kumi na tano. Kimya hicho kinadanganya watu. Wanasema "hakuna shida". Halafu siku moja wanajaa, na hapo gharama ya kuwatoa imeshapita uwezo wa nchi. Njo maana wataalamu wote wanasema kitu kimoja: kuzuia ni bei rahisi kuliko kutoa. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa viumbe hai mwaka wa 1994, ambao kifungu chake cha 8 kinaomba hivyo hivyo: kuzuia kuingiza viumbe vinavyotishia vya asili, kuvidhibiti ama kuvitoa. Na mwaka wa 2022, kule Montreal, nchi zilikubaliana kupunguza kwa nusu kasi ya kuingiza viumbe hivyo kabla ya 2030. Karatasi ziko.

Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza maswali chini, kwenye bwawa na kwenye shamba. Na hapo nazungumza na wewe mwenye diploma. Wengi wetu tumemaliza masomo, kazi hakuna, na mradi wa kwanza unaokuja kichwani ni kufuga samaki. Ni wazo zuri. ONG zinalipenda, soko liko. Lakini kabla ya kununua alevini, jiulize: hawa wametoka maji gani? Tilapia ya Nile, kwa mfano, iko nyumbani kwake Kivu, lakini katikati ya bonde la mto Kongo ni mgeni. Ukiitoa Bukavu kuipeleka Kisangani, hujavuka mpaka wowote wa serikali, lakini umevuka mpaka wa samaki. Mipaka yao ni maporomoko na milima, haiko ile ya Berlin ya 1885. Jiulize tena: siku ya mvua kubwa, bwawa langu likijaa, maji yanaenda wapi? Jibu mara nyingi ni moja tu, mtoni. Na wavu nilionunua kwa mtu wa ziwa lingine, nimeukausha juani kabla ya kuuingiza hapa? Na vijiti vya muhogo, ama miche ya ndizi, niliyopewa na rafiki wa mkoa mwingine, shamba lake lilikuwa na afya?

Maswali haya hayaombi laboratwari. Yanaomba dakika kumi.

Na kwa wale ambao bado wanaandika TFC ama memuari: msidharau kazi ya kuhesabu. Kama Damas hangepima Kivu mwaka wa 1935, leo hakuna mtu angejua kwamba kitu kimepotea. Tungekaa tunasema "ziwa liko vile vile", kama tunavyosema sambaza ni ya mababu. Mito mingi ya kwetu, kuanzia Elila mpaka Lukuga, inahitaji watu wa kuorodhesha nini kiko ndani leo, kabla ya "mpya" nyingine kufika. Mzungu wa 1935 alikuja na meli. Wewe uko pale pale kando ya mto, unajua majina ya samaki kwa lugha ya mama yako, na wazee wanaokumbuka bado wako hai.

Kwa hiyo tufanye zoezi. Nenda kwa mzee mmoja wa kwenu, mvuvi ama mkulima, umuulize: ni jani gani, samaki gani ama mdudu gani hakuwepo wakati wewe ulikuwa mtoto? Alionekana mwaka gani, na watu walimpa jina gani? Andika jina, mahali na mwaka hapa chini. Tukipata majibu kutoka maziwa na mito tofauti, tutakuwa tumeanza kuandika sura ya historia ambayo haiko bado kwenye kitabu chochote cha shule zetu.